Ripetision ya fizike barabara ya Kasapa: joto la chembe linaeleweka kweli

Kama uko fizike pale UNILU (Université de Lubumbashi) na sura ya joto ku migongano ya chembe inakusumbua, nenda kwa ule asista mwenye kufundisha jioni, nyuma ya duka za fotokopi, barabara ya Kasapa. Kwa ripetision zote (masomo ya ziada) nilizofuata hapa Lubumbashi, hii njo namba moja, na ntawaambia juu ya nini.

Wengine wanakupa fomula, unaikariri, basi. Yeye anaanza na swali: wanagonganisha viini vya atomu za risasi (ile metali, plomb) pale CERN, maabara kubwa ya fizike kule Uswisi, ule moto unazimika mbele hata mwanga haujavuka atomu moja, sasa joto lake watu wanalijua namna gani? Jibu ni kwamba chembe zenye kutoka ndani njo zinaleta habari, sawa na mtu wa fonderi ya shaba, yeye hagusi shaba yenye kuyeyuka, anasoma mwanga wake na pirometa.

Kisha anaenda ku tablo, na hapa njo penye utamu. Anachora idadi ya chembe kwa skeli ya logaritmi, chini yake enerjia ya kwenda pembeni, alama zinashuka karibu ku laini nyoofu. Mteremko ukiwa mkali joto ni kidogo, ukilala joto ni kubwa. Wengi wangeishia pale. Yeye anaweka laini tatu pamoja, ya pioni, ya kaoni na ya protoni (aina tatu za chembe, pioni njo nyepesi, protoni njo nzito), na unaona mwenyewe protoni imelala zaidi, sasa unajiuliza, moto ni mmoja, joto tatu zinatoka wapi? Njo anaeleza kama ule moto unapanuka kwa nguvu na unasukuma chembe zote kwa mwendo mmoja, na yenye uzito inapata enerjia zaidi. Kwa hiyo mteremko unakupa joto pamoja na nusu ya masi mara mwendo kwa kipeo cha pili. Unachora upya kwa kufuata masi (140, 494, 938 MeV, kipimo cha enerjia chenye wanatumia kwa masi na kwa joto pia), unavuta laini mpaka masi sifuri, pale njo unasoma joto lenyewe, kwa makadirio. Alituonesha kama watu wa NA44, jaribio moja la CERN, waliona hivi hivi ku data walizotoa 1997, nikasikia raha sana, nimelitumia hilo jina "joto" miaka yote bila kuuliza ni joto la saa gani.

Paske saa ziko tofauti. Ukihesabu uwiano wa aina za chembe, ALICE, jaribio lingine la CERN, inapata kama 156 MeV, ile ni saa aina zinakuwa zimekwisha kujipanga, na kusukumwa hakubadilishi idadi. Ukisoma miteremko ku migongano ya katikati kabisa unafika karibu 100 MeV, ile ni saa chembe zimeacha kugongana. Fotoni, chembe za mwanga, zinatoka tangu mwanzo, ALICE walitoa kitu kama 300 MeV, PHENIX, jaribio la Marekani, 221 mwaka 2010, ila nazo zimesukumwa na kule kupanuka, usiseme haraka njo joto la mwanzo. Kwa kelvini, kila MeV ni karibu bilioni 11.6, piga hesabu mwenyewe.

Chenye sikupenda: chumba ni kidogo, umeme ukikatika tablo haionekani, na mambo ya makosa ya vipimo anayapita mbiyo mbiyo, wakati ku hii kazi kuchagua mwanzo na mwisho wa laini kunaweza kubadilisha jibu lote. Ungemwomba aongeze saa moja kwa hiyo tu, ningelipa.

Falanga anazoomba ziko za mwanafunzi, na hakatai kama unalipa nusu nusu. Jumamosi watu wanajaa, fika mapema, beba karatasi yako ya logaritmi, pale fotokopi inaisha haraka.