Bandar Seri Begawan na watoto: mji mkuu wenye utulivu, ukipanga saa zako

Familia ya Arusha iliyozoea Jumamosi ya nyama choma, muziki na bia itashangaa Bandar Seri Begawan, mji mkuu wa Brunei. Pombe haiuzwi popote Brunei, honi ni za nadra, na usiku katikati ya mji panakuwa kimya mapema. Kwa wenye watoto wadogo, au bibi asiyependa msukumano, tungeuchagua mji huu kabla ya Bangkok au Jakarta. Siku mbili kamili zinatosha.

Kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) hakuna ndege ya moja kwa moja. Unaweza kupitia Doha hadi Singapore, halafu kuruka saa mbili hivi. Fedha badilisheni Singapore: dola yake na ya Brunei zina thamani sawa tangu 1967, na noti zake hupokelewa Bandar. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae kwenye mkoba wa mkononi.

Kinachowaangusha wageni wa kutoka kwetu ni joto. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Bandar iko chini kabisa, kando ya mto, na jasho halikauki. Mtoto anayekimbia Njiro kutwa nzima ataomba kubebwa kabla ya adhuhuri. Tokeni asubuhi na mapema, adhuhuri kaeni ndani (Makumbusho ya Vifaa vya Kifalme yana kiyoyozi), mtoke tena jioni.

Asubuhi ni ya Kampong Ayer, kijiji kilichojengwa juu ya nguzo majini, chenye shule, misikiti na kituo cha zimamoto. Boti ya kuvuka ni dola 1 ya Brunei kwa mtu. Acheni kigari cha mtoto hotelini, mje na mbeleko: njia za mbao zina mapengo, baadhi ya mbao zimeoza, na sehemu nyingine hazina kingo. Mshikeni mkono kila mtoto wa chini ya miaka saba.

Jioni, kuanzia saa kumi na nusu, kodisheni boti mwende kuwatafuta kima wenye pua kubwa, ambao duniani wanapatikana kisiwa cha Borneo tu. Hapa ndipo watu hupunjika. Patana bei ya boti nzima kabla hujapanda, utaje na muda; ukiuliza bei ya kichwa, watoto wanne watakugharimu kama watu wazima. Ulizia makoti ya kuokolea yanayowatosha watoto kabla ya kuondoka gatini.

Msikiti wa Omar Ali Saifuddien, uliokamilika 1958, uko karibu na mto. Wasio Waislamu huingia nje ya saa za swala, na majoho ya kujisitiri hutolewa mlangoni. Ule wa Jame' Asr una kuba 29 za dhahabu, kwa kuwa sultani aliyeujenga ni wa 29. Uko mbali kwa miguu, kwa hiyo iteni gari kwa programu ya simu iitwayo Dart. Msisubiri basi kama mnavyosubiri daladala Kilombero, mtasimama sana.

Ijumaa ndiyo siku inayoharibu safari nyingi. Kuanzia saa sita hadi saa nane mchana maduka na migahawa yote hufungwa kisheria. Nunueni chakula saa tano, la sivyo watoto watalia njaa hotelini.

Chakula ni raha. Nasi katok, yaani wali, kipande cha kuku wa kukaanga na sambal (pilipili ya kusaga) ndani ya karatasi, huuzwa hata dola 1. Kwa watoto omba sambal iwekwe pembeni. Soko la usiku la Gadong lina ndizi za kukaanga ambazo mtu wa Moshi hatazilaumu. Ambuyat, uji mzito wa wanga wa mti wa sago, itawavutia walaji wa ugali, ila usifinyange tonge, itaganda vidoleni. Izungushe kwenye kijiti cha mianzi chenye ncha mbili, chovya kwenye mchuzi wa ukwaju au matunda machachu, meza bila kutafuna. Huliwa ikiwa moto, kwani ikipoa hukaza. Mpulizieni mtoto kwanza.

Mkipata siku ya tatu, vukeni daraja la kwenda wilaya ya Temburong, la kilomita 30 hivi, lililofunguliwa 2020. Zamani njia ya gari ilipita Malaysia, na pasipoti zikigongwa mihuri njiani.