Tahadhari: msinunue seti ya kuinua usukani kutoka kwa muuzaji huyu

Naandika nikiwa na hasira, na sitaificha, lakini kila ninachokieleza hapa nina picha yake, ujumbe wake au video yake. Yupo muuzaji wa mtandaoni anayejitambulisha kuwa mtaalamu wa seti za kubadilisha usukani wa pikipiki za spoti, yaani kuondoa klipu-oni, vile vishikio vifupi vinavyobanwa moja kwa moja kwenye shokapu za mbele, na kufunga mahali pake bamba jipya la juu, yaani kile kipande kinachoshika ncha za juu za shokapu mbili, lenye usukani wa bomba ulioinuka. Jina la duka lake silitaji kwa kuwa hulibadilisha mara kwa mara, na nikilitaja moja, mtakaokutana naye kwa jina jingine mtadhani mko salama.

Nataka ieleweke kwanza kwa nini nilimwamini, kwa sababu tayari wapo walioniambia kwamba mtu mwenye uzoefu wangu hakupaswa kudanganywa. Kabla hajataja bei, mtu huyu aliniuliza mwaka wa pikipiki yangu, akauliza kama ina ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapobana breki, kisha akataka kipenyo cha shokapu kipimwe pale juu zinapopita kwenye bamba, akinionya nisitegemee kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu, kwa kuwa shokapu zilizogeuzwa, zile ambazo bomba nene liko juu, zinazoitwa za milimita 43 huwa nene zaidi mahali hapo. Ni kweli. Alinieleza kwamba bolti zinazoshika swichi ya ufunguo mara nyingi hukatwa vichwa kiwandani ili kumzuia mwizi, hivyo fundi atalazimika kuzitoboa au kuzizungusha kwa patasi. Hilo nalo ni kweli. Alisema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba usukani ukiinuliwa bila kurefusha waya wa eksela, waya huvutika unapokata kona hadi mwisho na injini inaweza kupandisha mzunguko yenyewe wakati unageuza pikipiki polepole. Mtu anayejua hatari hiyo na kuieleza kwa upole namna ile, nani angemdhania mwizi? Nilimwona kama fundi mwenzetu aliyeamua kufanya biashara.

Kisha ikaja simu ya video, na hapo ndipo aliponimaliza. Aliweka bamba juu ya meza yenye kitambaa cheusi, akachukua kipimo cha kidijitali, akaingiza taya zake ndani ya tundu la kushoto na kunionyesha namba, akaenda tundu la kulia na kunionyesha namba ileile, nayo ilikuwa sawasawa na kipimo nilichompa. Bamba lilikuwa limechongwa vizuri kwa mashine, na alama nyembamba za kisu cha kuchongea zilionekana kwenye kingo. Akaleta usukani wa alumini, ule mnene wa milimita 28.6 katikati unaopungua hadi milimita 22 kwenye vishikio, akaulaza ndani ya vibanio vyake, akakaza bolti nne kwa zamu ya msalaba, halafu akauning'inia kwa uzito wa mwili wake wote huku akiniambia, “Ona, ndugu yangu, hata punje hausogei.” Nilimwomba anionyeshe jinsi unavyopita kwenye tangi na kwenye bodi ya mbele. Akanitumia video nyingine ya pikipiki ya aina yangu, usukani ukikatwa kulia na kushoto, vidole vikipita bila kugusa tangi wala kioo cha mbele. Niliitazama tena na tena usiku ule. Sikuona dosari, na hadi leo naamini kwamba hakuna ambaye angeiona, kwa sababu vitu vilivyokuwa kwenye video zile vilikuwa vizuri kweli. Tatizo ni kwamba sivyo alivyonitumia.

Nilipotaka kulipa kupitia mfumo wa mtandao unaozuia fedha mpaka mzigo ufike, alisema makato yake ni makubwa, na kwamba nikimtumia moja kwa moja ataniongezea paipu ndefu ya breki iliyosukwa kwa chuma bila malipo ya ziada. Akaongeza kwamba kuna mteja mwingine anayeisubiri seti hiyohiyo. Nikatuma.

Mzigo ulipofika, fundi wangu, ambaye wengi wenu amewahudumia, alilinyanyua bamba, akaligeuza upande wa chini, akanyamaza. Chini ya rangi nyeusi palikuwa na uso wenye vinyweleo, kama wa sufuria iliyomwagwa kwenye udongo, na si chuma kilichochongwa. Matundu yalikuwa mapana kuliko shokapu zangu, na ndani ya boksi kulikuwa na vipande vya bati jembamba, bila maelezo yoyote, ambavyo bila shaka tulitarajiwa kuvizungushia shokapu ili zikae. Bamba hilo, pamoja na lile la chini, ndilo linalozuia shokapu zisisogee. Ndilo linaloshika usukani. Na nati inayokaa juu yake husaidia kushikilia mpangilio wa beringi za shingo. Hapo hapawekwi bati.

Tuliendelea kukagua kwa sababu sikutaka kuamini. Usukani uliwekwa kwenye vibanio, bolti zikakazwa mpaka kifuniko cha kibanio kikagusa kitako chake, chuma kwa chuma pande zote mbili, bila nafasi yoyote iliyobaki ya kukaza. Fundi akaushika kwa mikono miwili na kuusukuma mbele. Ukazunguka. Fikirieni mwendeshaji anayebana breki ya mbele kwa ghafla, uzito wa mwili wake wote ukiwa umehamia kwenye mikono, kisha usukani unazungukia mbele na kuondoka na wenzo wa breki aliokuwa ameushikilia. Sijui ni lugha gani ya adabu inayotosha kumweleza mtu aliyeuza kitu cha namna hiyo huku akijua.

Nasema akijua, na ushahidi ni paipu ya breki. Bolti zilizokuja nayo ni za milimita 10, lakini nafasi ya nyuzi zake ni milimita 1.0, wakati silinda kuu ya breki yangu inataka nyuzi za nafasi ya milimita 1.25. Kwa macho zinafanana kabisa. Bolti ya namna hiyo huingia mizunguko michache kisha hukwama, na ukiilazimisha inakula nyuzi za silinda. Nilimwandikia kwa heshima, nikamtumia picha, nikamweleza vipimo vyote viwili. Jibu lake, ambalo nimelihifadhi, lilikuwa hili: “Kaza kwa nguvu, itaingia tu.” Huyu ndiye aliyenifundisha habari za waya wa eksela! Anajua bolti hiyo ni ya nini, na alikuwa tayari nife kuliko kurudisha mzigo. Siku hiyohiyo alinifungia mawasiliano.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema hili ni suala la fedha zangu tu, nisamehe yaishe. Anayeuza simu bandia anakuibia mali. Anayeuza bamba la usukani la namna hii anahatarisha uhai wa mwendeshaji, wa abiria aliyembeba na wa mtembea kwa miguu aliye mbele yake. Akaunti zake zote zifutwe, atafutwe, ashtakiwe kwa kuhatarisha maisha ya watu pamoja na ulaghai, na arudishe fedha za kila aliyemtapeli. Nimekwisha kuwasilisha malalamiko yangu, na bamba, usukani na paipu nimevihifadhi bila kuvigusa tena. Wengine mliouziwa naye nawaomba mfanye vivyo hivyo, kwa sababu malalamiko ya mtu mmoja hupuuzwa.

Dalili za kumtambua ni hizi: anakwepa kutaja kipenyo cha ndani cha vibanio, ukimuuliza anarudia cha usukani. Kitambaa cheusi kipo kwenye video zake zote. Cheti alichonitumia ni cha Kijerumani, cha aina ya ABE, yaani idhini ya jumla ya kipuri kutumika barabarani, na kipuri chenye idhini ya namna hiyo huwa na namba ya KBA, mamlaka ya Ujerumani ya vyombo vya moto, iliyochapwa juu yake; bamba langu halina namba yoyote, na orodha ya pikipiki kwenye cheti haina ya kwangu. Kulipa nje ya mfumo nimekwisha kusema.

Kama seti yake tayari iko kwenye pikipiki yako, usiiendeshe, hata kwenda kwa fundi. Rudisha bamba la kiwandani na klipu-oni zako, na kama bolti za breki zililazimishwa, silinda ikaguliwe kabla ya kutiwa mafuta mapya.

Jana alimtuma mtu aniambie kwamba atanirudishia nusu ya fedha nikiliondoa tangazo hili. Nimekataa, na hata akileta zote sitaliondoa maadamu bado anauza.