Ulinzi wa kampuni kwenye maghala ya korosho Mtwara: usiku wanajitahidi, getini bado

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, maghala ya Mtwara mjini, Masasi na Tandahimba hujaa mali ya wakulima inayosubiri mnada, na kampuni za ulinzi hupata wateja kwa mkupuo. Zinachouza kinafanana: mlinzi wa mchana, mlinzi wa usiku, sare, kirungu, tochi, filimbi, na bunduki ukiongeza pesa. Doria ya usiku mara nyingi inaridhisha. Huduma inavuja getini, mchana kweupe.

Gunia la korosho ghafi lina kilo 80 hivi, na mtu haruki nalo ukuta. Linatoka kwa lori, likiwa na karatasi. Kwa hiyo lori likiingia, mlinzi aandike namba ya gari na ya tela, jina na leseni ya dereva, saa na idadi ya magunia. Likitoka, ashike hati ya kutolea mzigo, alinganishe sahihi na ile aliyoachiwa na meneja wa ghala, ahesabu gunia moja moja yanapopakiwa, kisha aandike namba ya lakiri, yaani kifungo chenye namba kinachofungia mzigo. Wengi huenda kwenye lori turubai likishafungwa, wakanakili idadi iliyo kwenye hati. Huko si kuhesabu. Kagua kitabu cha matukio: ukiona ukurasa mzima una wino mmoja na mwandiko usioyumba, saa zote zikiishia na sifuri, kimejazwa kwa mkupuo mwisho wa zamu.

Upungufu nao una sura zake, na si haki kumtwisha mlinzi kila kilo. Korosho zikiendelea kukauka ghalani, uzito hushuka karibu sawasawa kwenye lundo lote. Magunia machache ya karibu na mlango yakiwa mepesi, au yana matundu ya bambo (chombo chenye ncha cha kuchomea gunia na kutoa sampuli) yasiyoelezeka kwa sampuli zilizochukuliwa, hapo kuna mkono wa mtu. Ndiyo maana kukabidhiana lindo kwa kutazama kufuli tu hakutoshi: anayetoka na anayeingia wazunguke pamoja, wahesabu safu za mbele, wakague kufuli, lakiri, taa na paa, wote wawili watie sahihi.

Usiku, doria iwe ya saa zisizotabirika. Anayezunguka kila saa kamili anampa mwizi ratiba. Mvua kubwa ikipiga bati haisikiki hata nondo ikikatwa, na huo ndio wakati walinzi hujibanza kibandani. Msimamizi wa kampuni apite hasa usiku wa mvua. Moto wa kufukuza mbu na sigara vikatazwe kabisa karibu na ghala, maana ganda la korosho lina mafuta yanayowaka kwa nguvu. Kila mlinzi aonyeshwe mtungi wa kuzimia moto na aujaribu kwa mkono wake.

Kinachokera zaidi ni hesabu ya watu. Lindo moja la saa 24 lina saa 168 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Kwa saa za kawaida unahitaji watu wanne. Watatu wanawezekana kwa kubana za ziada karibu zote. Kampuni inayokuwekea wawili inawafanyisha saa 84 kila mmoja, na ukimkuta amesinzia saa tisa usiku, kosa limeanzia kwenye mkataba. Bei ikiwa ya chini kupita kiasi, omba ratiba ya zamu kabla ya kusaini, na uulize nyongeza ya asilimia 5 ya kazi ya usiku wanailipaje.

Bunduki tunaiona ya ziada kwa maghala mengi. Pesa hiyo ingemlipa mlinzi wa pili wa geti siku za kupakia, mmoja ahesabu, mwingine ashike hati.