Cheti cha haki jinai katika chuo cha jamii, North Carolina: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana ndiyo iliyonivuta. Nilipojiandikisha, mkazi wa North Carolina alikuwa akilipa dola 76 kwa kredi moja (kredi ni kipimo cha ukubwa wa somo), na bei hiyo ilikuwa ile ile katika vyuo vyote 58 vya jamii vya jimbo hili. Cheti changu cha haki jinai kilikuwa cha kredi 18, kwa hiyo masomo yenyewe yalikuja dola 1,368, ukiacha ada ndogondogo na vitabu. Mwenye grinikadi, yaani kibali cha ukazi wa kudumu, anaruhusiwa kujaza fomu ya FAFSA, ile ya kuombea msaada wa masomo, na kuomba Pell Grant, fedha za serikali kuu ambazo hazirudishwi. Ila uliza kwanza, kwa sababu vyeti vifupi sana vya kredi chache havimo kwenye msaada huo. Pia ni lazima uthibitishe kwamba umeishi jimboni miezi 12. Ukishindwa kuthibitisha hilo, unatozwa bei ya mtu wa nje, ambayo ni zaidi ya mara tatu.

Sasa lile ambalo Watanzania wenzangu huku huniuliza kila tukikutana msibani au harusini: "Dada, umeshakuwa polisi?" Sijawa, na cheti hiki hakimfanyi mtu polisi. Chuoni hapo hapo kuna mafunzo mengine kabisa yanayoitwa BLET, yaani mafunzo ya msingi ya uaskari, ya zaidi ya saa 600, yenye silaha, udereva wa kasi na mtihani wa jimbo mwishoni. Huko ndiko wanakotoka polisi na manaibu wa sherifu, yaani askari walio chini ya mkuu wa usalama wa kaunti. Idara ya polisi au ofisi ya sherifu ikikudhamini, karo ya BLET unasamehewa. Lakini polisi wa North Carolina lazima awe raia wa Marekani, na askari magereza wa jimbo vivyo hivyo. Mshauri wa masomo aliyeniandikisha alinisifia ajira za polisi na magereza kwa dakika nyingi bila kuniuliza kama nina uraia. Ningekuwa sijajisomea mapema, ningeondoka pale nikijiona tayari nimevaa magwanda. Hapo chuo nimekikata nyota moja kati ya tano.

Nyota nne zilizobaki, tatu ni za somo la katiba. Mwalimu alikuwa mpelelezi mstaafu, mtu mkavu asiyecheka ovyo. Alikuwa anakupa mkasa, anakuuliza wewe ungekuwa askari ungefanya nini, anakuacha ujichanganye, ndipo anakusomea Mahakama ya Juu ya Marekani iliamuaje. Mapp dhidi ya Ohio, 1961: kielelezo kilichopatikana kwa upekuzi haramu hakipokelewi, hata katika mahakama za majimbo. Gideon, 1963: mshtakiwa wa kosa kubwa asiye na uwezo apewe wakili. Miranda, 1966, ndiyo ile ya haki ya kukaa kimya tunayoisikia kwenye sinema. Jambo ambalo sinema hazisemi ni kwamba askari analazimika kukueleza haki hizo pale tu anapotaka kukuhoji ukiwa chini ya ulinzi. Akikufunga pingu na asikuulize chochote, hana deni nawe.

Kesi iliyoninyima usingizi ni ya mwaka 1973, Schneckloth dhidi ya Bustamonte. Ukimruhusu askari akupekue kwa hiari yako, hahitaji hati ya upekuzi, na wala hawajibiki kukwambia kwamba ungeweza kukataa. Nikawafikiria mama zetu. Askari anabisha hodi, anaomba kwa upole aingie atazame kidogo. Sisi tuliolelewa kwamba mgeni hasimamishwi mlangoni tutamvutia kiti, na chai juu. Tangu wiki ile nimelieleza jambo hili kwenye vikao vya akina mama zaidi ya nilivyowahi kueleza pishi la pilau.

Hata barabarani kuna ya kujifunza. Nyumbani trafiki akikusimamisha, adabu ni kushuka haraka umfuate na leseni mkononi. Hapa ukifungua mlango bila kuambiwa, umemtia askari hofu, na hofu ya askari mwenye bastola si kitu cha kuchezea. Unabaki ndani, mikono juu ya usukani. Akikwambia ushuke, shuka: tangu 1977 mahakama ilishampa mamlaka hayo.

Halafu kuna habari ya kukiri kosa. Tanzania sheria ya makubaliano ya kukiri kosa ili upunguziwe mashtaka au adhabu iliingia mwaka 2019, kwa hiyo neno hilo si geni kwetu. Huku ndiyo njia kuu yenyewe. Katika mahakama za serikali kuu, zaidi ya hukumu 90 kati ya 100 za kutiwa hatiani zinatokana na mtu kukiri, na wale raia 12 wa baraza la mahakama wanaoamua kama mtu ana hatia, tunaowaona kwenye filamu, hawaitwi kabisa. Kwa mgeni asiye raia, kukiri kosa dogo ili "yaishe" kunaweza kumrudisha alikotoka. Kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, ya mwaka 2010, inamtaka wakili amweleze mteja wake hatari hiyo kabla hajakubali. Wakili wako asipoligusia, muulize wewe.

Masomo mengine niliyapita bila shida kubwa. Upelelezi ulikuwa na maabara: unga mweusi wa kuinulia alama za vidole (utakaa kwenye kucha zako siku kadhaa), vipimo vya eneo la tukio, na kuandika nani alishika kielelezo saa ngapi, ule mnyororo wa utunzaji ambao hata katika mahakama zetu nyumbani kesi nyingi hufa kwa sababu yake. Somo la haki jinai kwa watoto lilinishangaza kwa jambo moja: mpaka Desemba 1, 2019, kijana wa miaka 16 hapa North Carolina alikuwa anashtakiwa moja kwa moja kama mtu mzima, na jimbo hili ndilo lililokuwa la mwisho nchini kuliacha hilo kwa makosa mengi.

Masomo ya mtandaoni, kusema kweli, ni uchovu. Unaandika maoni, unajibu maoni ya wenzako wawili, wanakujibu "umesema vizuri", basi. Na namba ya kufungulia kitabu cha kidijitali ilinitoa zaidi ya dola mia, muhula ukiisha nayo inakufa. Kiingereza nacho kisikutishe sana. Kinachosumbua ni lugha ya sheria, na hiyo inawasumbua hata waliozaliwa hapa.

Kazi? Nilikuwa ghalani, zamu ya usiku, nikibeba maboksi. Sasa niko kwenye makazi ya vijana wanaoletwa na mahakama, bado usiku, lakini mgongo umepona na mshahara umepanda kidogo. Walitaka mtu aliyesoma haki jinai, cheti kilitosha. Wenzangu darasani wawili wameendelea na shahada ya miaka miwili, kwa sababu kredi zote zinahesabiwa humo. Kama una shahada kutoka nyumbani, usikimbilie cheti hiki kabla hujaifanyia tathmini ya vyuo vya huku; unaweza kukuta unalipia ngazi uliyokwisha kuipanda.

Mimi nasubiri miaka mitano ya grinikadi itimie niombe uraia, kisha nitafute sherifu wa kunidhamini BLET. Mazoezi nimeanza, maana kuna mtihani wa kukimbia, kupanda ngazi na kuburuta mwanasesere mwenye uzito wa mtu.

Ukijiandikisha, somo la katiba lichukue darasani, ana kwa ana, hata kama itabidi ubadilishane zamu kazini. Yale mengine yasome mtandaoni ukipenda.