TAHADHARI: Madereva wa CDL, msimtumie pesa mtu anayeahidi "kufuta tiketi"

Ndugu zangu madereva wa malori mlioko Marekani wenye CDL (leseni ya kuendesha magari ya kibiashara), hasa ambao Kiingereza cha mahakamani kinawapa shida, someni hii kabla hamjamlipa mtu.

Kuna watu wanazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp wakidai wanasaidia madereva waliopigwa tiketi, yaani walioandikiwa kosa la barabarani na polisi. Wanaongea Kiswahili safi, wanakuita kaka, wanakuulizia hali ya nyumbani. Maneno yao ni yaleyale: tiketi ya CDL inafutwa kabisa, haitaonekana popote, kortini huendi. Pesa wanataka yote mwanzoni, kwa Zelle au Cash App, kwenye jina la mtu binafsi.

Kijana mmoja ninayefanya naye kazi wamemliza hivyohivyo. Alikamatwa kwa mwendo kasi, maili 17 juu ya kiwango, kwenye jimbo ambalo si lake. Akapiga picha tiketi na leseni, mbele na nyuma, akawatumia pamoja na pesa. "Mkataba" wao alinipa niusome kwenye simu yake. Ni ukurasa mmoja wenye picha ya mizani juu. Jina la wakili hakuna, la mahakama hakuna, namba ya kesi hakuna. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, wamejiita washauri wa nyaraka na wakaandika kwamba pesa hairudishwi. Kila akiuliza, jibu ni tulia kaka, iko kwenye mchakato. Tarehe ya mahakama ikapita na hakuna aliyesimama kwa niaba yake. Ukweli aliupata kwa karani wa mahakama alipopiga simu mwenyewe, na hapo barua ya kusimamisha leseni ilishatoka. Wale jamaa wakamblock.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ahadi yenyewe haiwezekani. Kanuni ya serikali kuu, 49 CFR 384.226, inakataza majimbo kuficha hukumu ya dereva wa CDL, kuahirisha hukumu hiyo, au kumpeleka darasani ili kosa lisiingie kwenye rekodi. Mwenye leseni ya kawaida, majimbo mengi humruhusu kusoma darasa la udereva na mambo yakaisha. Sisi mlango huo umefungwa, hata kama siku hiyo ulikuwa kwenye gari lako dogo unapeleka watoto shule. Wakili wa kweli hupambana kabla hukumu haijaingia: anapinga ushahidi, anazungumza na mwendesha mashtaka, kesi inaweza kutupwa au kosa likapunguzwa. Na hakuhakikishii matokeo. Anayekuhakikishia, mkimbie.

Wengine husema bora nilipe faini mtandaoni yaishe. Hapana jamani. Kulipa ni kukiri, na rekodi inasoma hukumu. Kuzidisha mwendo kwa maili 15 au zaidi, kumfuata mwenzako kwa karibu mno, kuhama leni ovyo, kushika simu ukiendesha lori, yote hayo yanahesabiwa makosa mazito. Mawili ndani ya miaka 3 yanakuondoa barabarani siku 60, matatu siku 120. Familia inakula nini siku hizo zote?

Matapeli hao pia wanashauri usimwambie bosi. Ukiwasikiliza unajiongezea tatizo la pili. Ukitiwa hatiani kwa kosa la barabarani, isipokuwa la maegesho, lazima umjulishe mwajiri kwa maandishi ndani ya siku 30. Leseni ikisimamishwa, mjulishe kabla siku ya kazi inayofuata haijaisha.

Kwa hiyo mtu akikuambia ana wakili, taka jina kamili. Litafute kwenye tovuti ya chama cha mawakili cha jimbo ilipo mahakama, si unakoishi wewe. Ni bure. Ukishamlipa, usingoje akupe habari: piga mahakamani na namba ya tiketi yako, muulize karani kama kuna wakili aliyejiandikisha kwenye kesi hiyo. Kama lugha ni tatizo, omba mkalimani, si aibu.

Wapo pia wanaotoza pesa "kusafisha PSP", yaani rekodi ya usalama ya dereva ambayo waajiri huiangalia kabla ya kukuajiri. Rekodi hiyo inaonyesha ajali za miaka 5 na ukaguzi wa barabarani wa miaka 3. Kama kuna kosa ndani yake, au tiketi yako imetupwa mahakamani, maombi ya kurekebisha unayatuma mwenyewe kwenye DataQs, mfumo wa mtandaoni wa FMCSA (idara ya serikali kuu inayosimamia usalama wa malori), bila kulipa hata senti.

Kama umeshawatumia, usianze kwa kufukuzia pesa. Anza na mahakama, leo, uombe tarehe mpya au uulize jinsi ya kufungua tena kesi. Ndipo uende benki, kisha uripoti FTC (tume ya serikali kuu inayolinda wateja) na kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Meseji zote na risiti zihifadhi kabla hawajafuta. Na kwa kuwa wana picha ya leseni yako, yenye anwani na tarehe ya kuzaliwa, funga kredi yako, mtu asikope kwa jina lako, kwa kampuni tatu za rekodi za mikopo: Equifax, Experian na TransUnion. Zote tatu hawatozi chochote, ila kila moja unaifunga peke yake.