Lezijaki na Mfuko wa Tanga: Tathmini kwa Wenye Mashua Ndogo Kisumu

Anayeegesha mashua Kisumu anaujua upepo wa Ghuba ya Winam. Asubuhi huvuma taratibu kutoka nchi kavu, adhuhuri hugeuka ukatoka ziwani ukiongezeka nguvu, na jioni, hasa wakati wa masika, mawingu yaliyojikusanya juu ya vilima vya Nandi na Kericho yanaweza kuteremsha dhoruba kabla baharia hajamaliza kukusanya kamba zake. Nguvu ya upepo kwenye tanga huongezeka kwa mraba wa kasi yake, hivi kwamba upepo unaopanda kutoka kilomita 15 hadi 30 kwa saa huielemea mashua mara nne zaidi. Kwa sababu hiyo nimeupima mfumo wa lezijaki, yaani kamba za kupokea tanga linaposhushwa, kwa kigezo kimoja kabla ya vingine: je, mtu aliye peke yake anaweza kulipunguza au kulishusha tanga kuu haraka, bila kupanda juu ya sitaha inayoyumba?

Mfumo wenyewe ni lezijaki pamoja na mfuko wa kulihifadhia tanga, vikiwa vimefungwa kwenye mashua ya fibaglasi ya futi 22. Kamba mbili hushuka kutoka mlingotini, moja kila upande, kisha hugawanyika matawi yanayofungwa kwenye bumu, ule mti wa chini unaoshikilia tanga. Jarari, kamba ya kupandishia tanga, ikilegezwa, tanga huteremka katikati ya kamba hizo na kutulia juu ya bumu kama mtoto mbelekoni, badala ya kumwagika sitahani na kumziba nahodha macho. Wavuvi wa Dunga hawana haja ya kifaa hiki, kwa maana wao hushusha foromali, ule mti wa juu unaobeba tanga, pamoja na tanga lake lote. Lakini tanga lenye bumu na vijiti vya kulinyoosha halina njia rahisi kama hiyo.

Katika kushusha, sina lalamiko. Kasoro iko katika kutweka, yaani kulipandisha tanga. Ncha za vijiti hunasa kwenye kamba za pembeni iwapo omo, sehemu ya mbele ya mashua, haielekei upepo sawasawa, na kwa mtu anayeshika usukani kwa mkono mmoja na kuvuta jarari kwa mwingine, kuelekea upepo sawasawa ni jambo la kutamani tu. Vifaa nilivyonunua vilikuja na kamba za urefu usiobadilika, jambo ambalo kwa maoni yangu ni uzembe wa mtengenezaji. Dawa yake ni kufunga kibano kidogo chini ya mlingoti ili kamba ziweze kulegezwa, zivutwe mbele na kutundikwa kwenye ndoano kabla ya kutweka, kisha zirudishwe tanga likishafika juu. Mfumo usioweza kulegezwa hivyo siupendekezi kwa mtu yeyote.

Ikumbukwe kwamba lezijaki hupokea tanga tu. Kulipunguza ni kazi nyingine. Nimeziunganisha na upunguzaji wa kawaida: unalegeza demani, kamba inayodhibiti bumu, unashusha jarari hadi alama uliyoitia, unalinasa tundu la mbele kwenye ndoano ya bumu, unakaza jarari tena, kisha unavuta kamba ya nyuma mpaka pembe ya tanga ilale kabisa juu ya bumu. Kitambaa kilichobaki hujilaza chenyewe ndani ya lezijaki, na hapo ndipo thamani yake huonekana. Wapo wanaosifu kamba moja inayovuta mbele na nyuma kwa pamoja, lakini kamba hiyo hupita kwenye kapi nyingi, msuguano huwa mkubwa, na katika mashua ndogo kamba mbili tofauti hufanya kazi upesi zaidi.

Kuna njia mbadala za lezijaki. Tanga linalojiviringisha ndani ya mlingoti ni la kuvutia, ila huongeza uzito juu, hukosa vijiti vya mlalo na hupoteza sehemu ya eneo lake, na likikwama nusu ndani wakati dhoruba inaingia, haliwezi tena kushushwa. Mfumo uitwao Dutchman, unaopitisha nyuzi wima katika matundu ya tanga, haunasi vijiti, lakini fundi wa kutoboa na kuimarisha matundu hayo kwa vipimo sahihi ni vigumu kumpata mbali na pwani.

Mfuko nilishonewa mjini na fundi wa maturubai, kwa kazi nadhifu. Maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo kapi na vibano hudumu. Adui hapa ni jua la ikweta katika mwinuko unaozidi mita 1,100. Uzi wa pamba huoza upesi, basi sisitiza uzi wa poliesta unaostahimili jua. Turubai la plastiki la malori lisitumike, kwa kuwa hufungia unyevu na kulitia tanga ukungu. Kitambaa cha akriliki hupitisha hewa. Zipu iwe ya plastiki yenye meno mapana, na mfuko ufungwe hadi mwisho kila jioni, la sivyo visubi vya ziwani vitajaa katika mikunjo na kuacha madoa yasiyotoka hata kwa sabuni.