Duka la tewa Mji wa Kale: kila samaki na jina lake kibaoni

Kwa muda wa miezi saba sasa nimekuwa nikinunua samaki katika duka dogo lililoko Mji wa Kale, mwendo mfupi wa miguu kutoka soko la Marikiti, na kilichonitoa kwa wauzaji wangu wa zamani si bei wala ukaribu. Ni vibao. Juu ya kila sinia ya barafu huning'inizwa kibao cheusi kilichoandikwa kwa chaki jina la samaki kwa Kimvita, jina la Kiswahili sanifu pale yanapotofautiana, jina la kisayansi, mahali alipovuliwa, na kama alinaswa kwa dema, kwa mshipi au kwa nyavu. Nimenunua samaki Mombasa tangu utotoni, na sijaona muuzaji mwingine anayejitaabisha hivyo.

Taabu hiyo inaonekana faida yake zaidi kwa tewa, ambaye wenzetu wa Unguja humwita chewa. Huyu ni samaki wa chini: hukaa katika mapango ya miamba, baina ya matumbawe, na baadhi yao katika matope ya hori (mikono ya bahari iingiayo nchi kavu), akitulia mpaka windo limkaribie, kisha akalimeza zima. Duniani zimepewa majina spishi zaidi ya 160 za tewa, lakini takwimu za uvuvi za Kenya huwatia wote kapu moja, na sokoni hali ni hiyo hiyo. Ukiuliza huyu ni samaki gani, jibu ni tewa. Ukirudi kesho ukaonyeshwa mwingine kabisa, jibu ni tewa tena na bei ni ile ile. Mpishi anayetaka kumpaka nazi samaki wa kilo moja na nusu, mwenye nyama laini, hana njia ya kusema anachokitaka.

Mzee mwenye duka hupanga sinia zake kwa jenasi, yaani kundi la spishi za karibu ambalo jina lake hutangulia katika jina la kisayansi, na siku ya kwanza nilipomuuliza anazitambuaje, aliinua pezi la mgongo la samaki kwa kidole akaniambia, "Rangi itakudanganya, mwanangu. Hesabu miiba." Ushauri huo ni sahihi, kwa kuwa rangi ya tewa hubadilika akiwa hai na hufifia akishakufa, ilhali miiba haibadiliki. Tewa wa jenasi ya Cephalopholis, ambao wengi wao ni wadogo na wenye rangi za kupendeza, kama yule mwekundu mwenye vidoa vya buluu aitwaye Cephalopholis miniata, wana miiba 9. Wa jenasi ya Epinephelus, walio wengi zaidi katika maduka yetu, wana miiba 10 au 11. Wa Plectropomus wana 7 au 8. Variola louti naye ana 9, lakini mkia wake umepinda mfano wa mwezi mwandamo na ukingo wake ni wa manjano, hivyo hachanganywi na mtu aliyekwisha kumwona mara moja. Nimejaribu kuhesabu mwenyewe mbele ya sinia zote, na katika jenasi sikupata kosa hata moja.

Kosa nililikuta katika spishi, na nalieleza kwa urefu kwa sababu si la duka hili peke yake. Sinia kubwa kuliko zote ilikuwa na tewa wa kilo 9, mwenye vidoa vya rangi ya chungwa iliyoelekea kahawia, na kibao kilisema ni Epinephelus tauvina kutoka hori ya Mtwapa. Jina tauvina lina historia inayotugusa sisi wa Bahari ya Hindi. Alilitoa Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi; Forsskål alisafiri na msafara wa Kidenmaki hadi Bahari ya Shamu na Yemeni, akafariki huko Yemeni mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa na mwenzake Carsten Niebuhr mwaka 1775. Forsskål alikuwa na desturi njema ya kuyasikiliza majina ya Waarabu wa pwani na kuyaingiza katika majina yake ya kisayansi, na ndiyo maana tauvina na louti hayasikiki kama Kilatini.

Baadaye jina hilo liliwapotea wataalamu wenyewe. Kwa miaka mingi waandishi walilibandika kwa tewa wakubwa wawili wasiohusika nalo: Epinephelus malabaricus, aliyepewa jina mwaka 1801, na Epinephelus coioides, aliyeelezwa na Hamilton mwaka 1822 kutokana na samaki wa mto Ganges. Hata maandishi mengi ya ufugaji wa samaki barani Asia yalimwita coioides kwa jina la tauvina. Huyo coioides ndiye hamuri ambaye jirani zangu waliofanya kazi Dubai humsifia hadi leo, bila kujua kwamba wanaye hapa nyumbani. Tauvina halisi ni samaki wa matumbawe na maji maangavu, hakui kama wale wawili, na mara nyingi ana baka jeusi chini ya miiba ya mwisho ya mgongoni. Wale wawili huingia katika hori na midomo ya mito na huvuka urefu wa mita 1. Malabaricus ana vidoa vidogo vyeusi na mabaka meupe-meupe, na coioides ana vile vidoa vya chungwa. Samaki mzito wa hori, mwenye vidoa vya chungwa, asiye na baka mgongoni: kwa maoni yangu yule alikuwa coioides, na kibao kilikuwa kimekosea.

Baadhi ya vibao huongeza familia, Serranidae, nami sitalihesabu hilo kuwa kosa. Uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba familia hiyo ya zamani ilikusanya samaki wasio wa ukoo mmoja, na sasa wataalamu wengi huwaweka tewa katika familia yao, Epinephelidae, lakini vitabu vingi bado havijabadilika.

Lawama yangu kubwa ni juu ya minofu. Katika friji iliyo karibu na mlango kuna pakiti zilizoandikwa "tewa mwekundu" tu, na mnofu ukishavuliwa ngozi hauna miiba ya kuhesabu wala mkia wa kutazama. Anaweza kuwa tewa, anaweza kuwa tembo uzi, samaki mwingine kabisa. Duka linalojali majina kiasi kile lisingepaswa kuuza kitu ambacho mnunuzi hawezi kukihakiki.

Huduma nyingine ni nzuri. Samaki hupaawa na kutolewa matumbo bila malipo ya ziada, kichwa hupasuliwa kwa ajili ya supu ukitaka, na barafu huongezwa kabla haijayeyuka. Nililipa shilingi 700 kwa kilo ya tewa mzima, ghali kidogo kuliko nilivyozoea, lakini sijawahi kufika nyumbani na samaki niliyemjutia.

Kuhusu tauvina, nilimweleza mzee kwa heshima, naye akanisikiliza, akamgeuza samaki kutafuta baka, asilione. Nilipopita wiki iliyofuata, jina la zamani lilikuwa limefutwa, coioides limeandikwa mahali pake, na chini yake ameongeza kwa herufi ndogo: hamuri. Pakiti za minofu zilikuwa vile vile.